Mwaka wa Barua ya Magoti

Moraa alizikwa Alhamisi, kwao, na mimi sikuenda. Binti yake Kemunto alinipigia simu siku nne kabla ya mazishi. Nilikuwa Kaplong, katika hoteli ninakopika chapati siku hizi, na mikono yangu ilikuwa na unga mpaka viwikoni. "Auntie Chela, mama alikuwa anakutaja," alisema. Nilimuuliza alikuwa ananitaja vipi. Akasema, "Vizuri tu." Sikumwamini. Nilimwambia nitakuja, na nilipokata simu nikaanza kutafuta sababu ya kutokwenda, na mtu wa umri wangu hakosi sababu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kumwona amelala, uso wake umetulia, asiweze tena kuniambia lile alilokuwa na haki ya kuniambia. Kwa hivyo nimeketi kuandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa naye chumba kimoja katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Habari za kwetu Boito nitaziruka. Niliacha shule darasa la saba, nikaanza kutembea, na miguu haijatulia tangu hapo.

Nyumba za kambi zilikuwa nyeupe, zimepangwa kwa mistari, kila moja ina chumba kimoja na jiko dogo nyuma. Nyumba ilifuata kazi: ukiwa na kazi una nyumba, ukifutwa kazi unapewa siku moja ya kutoa vitu vyako. Kila mtu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na nadhani ndiyo sababu tulicheka kwa sauti kubwa kuliko watu wa sokoni. Nilipewa nafasi katika chumba cha Moraa kwa sababu mwenzake wa kwanza alikuwa ameolewa. Alikuwa Mkisii, amepita miaka thelathini, mwenye mabega mapana na binti wawili waliolala naye kitandani. Mimi nililala kwenye godoro upande wa mlango, nyuma ya leso iliyotundikwa kwa misumari. Chumba kilinuka moshi, sabuni ya kipande na mboga za managu zinazochemka. Baba wa watoto hakumtaja kwa jina, alimwita "yule." Wiki ya kwanza nilimwomba anipishe nichukue pakuli langu, akaacha kusonga ugali, akageuka. "Wewe mtu wa Boito, hiyo herufi ya b mlimwachia nani huko kwenu?" Nikamuuliza kama rori ya majani imeshafika, kwa sababu ndivyo yeye alivyoliita lori. Alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Kuanzia siku hiyo tulikuwa ndugu.

Siku yangu ya tatu nilisimama mbele ya ubao wa matangazo nje ya ofisi. Wachumaji walikuwa wanapita wakiutazama kama mtu anavyotazama mawingu. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, na mwanamke mmoja alisema ni habari ya maji, kwamba yatafungwa Jumatano. Mimi nilisoma neno moja ambalo sikulijua, nikaliandika kwenye kiganja: redundant. Mchana nilimuuliza karani wa kupima majani, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita arap Ng'eno. Alitazama kiganja changu, kisha akatazama mlangoni. "Ni mtu ambaye kazi haimhitaji tena," alisema polepole. "Mashine zinakuja, binti yangu. Mashine moja inachuma kama watu wengi." Sikuweza kula siku hiyo. Kilichonitisha zaidi ya mashine ni kwamba neno lile lilikuwa limekaa pale ubaoni siku kadhaa, wazi kabisa, likitungoja, na sisi tulikuwa tunapita mbele yake tukizungumza habari za maji.

Watu wengi wakiogopa hukimbia. Mimi nilianza kukusanya maneno. Kila asubuhi niliandika matano kwa kalamu ndani ya aproni yangu ya plastiki, upande usioguswa na umande, na nikiwa kwenye mstari wangu nilikuwa nafunua pindo na kusoma. Majani mawili na chipukizi, neno moja. Majani mawili na chipukizi, maana yake. Niliyaokota popote: kwenye magunia ya mbolea, kwenye magazeti ya kufungia nyama, kwenye mahubiri ya mchungaji aliyependa kuchanganya lugha akipandwa na moto. Arap Ng'eno alikuwa na kamusi kwenye droo ya banda la kupimia, na lori likichelewa aliniruhusu kuifungua. "Haraka," alikuwa ananiambia, "na usilowanishe kurasa." Nilijiwekea sheria kwamba neno si langu mpaka nimelitumia kwa watu watatu, na mtu wa kwanza alikuwa Moraa kila mara. Nilimwambia uji wake ulikuwa exquisite. Akaweka kikombe chini. "Hiyo ni tusi?" Nikamwambia ni sifa. "Basi iseme tena nikiwa na wageni."

Kulikuwa na hofu nyingine niliyoilea mwenyewe. Arap Ng'eno aliniuliza siku moja nimesoma mpaka wapi, na kabla ya kufikiri nikasema kidato cha nne. Cheti? Kiliungua, nikasema, nyumba yetu iliungua. Nyumba yetu haikuwahi kuungua. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, akasema karani msaidizi anaondoka mwisho wa mwaka na yeye atanitaja kwa wakubwa. Kuanzia hapo kila neno nililojifunza lilikuwa ubao wa kufunika shimo nililolichimba mwenyewe. Nikikosa maana ya neno mbele ya mzee, nilijifanya nakohoa. Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati huo, nimeosha vyombo, nimeuza mitumba, nimelinda ghala, na sijawahi tena kuogopa kwa namna ile, hofu ya mtu anayepanda ngazi huku akijua chini hakuna anayeishika.

Katikati ya mwaka shamba la jirani liligoma kwa sababu ya mashine. Tulisikia kwamba watu walipigwa, kisha tukasikia hawakupigwa, kisha mwanamke aliyetoka huko alikuja kuomba chumvi na mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Kwetu aliletwa meneja mpya kutoka ng'ambo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, asiyejua Kiswahili hata cha kusalimia. Kazi zake, watu walisema, ni mbili: kuingiza mashine na kutafuta wachochezi. Sikujua mchochezi anafananaje. Hakuna aliyejua. Tulianza kuzungumza tukitazama mlango, na jioni redio ziliwekwa kwa sauti ya chini.

Wakati huo ndipo Moraa alipojibizana na nyapara, msimamizi wa mstari wetu. Nyapara alitazama kikapu chake, akasema majani ni magumu, akakishika na kukimwaga chote chini kwenye matope. Moraa alikasirika, na sote tungekasirika. Alijifungua aproni, akaitupa juu ya chai, akamwambia mbele ya watu, "Basi okota wewe. Mimi mgongo wangu umeokota ya kutosha." Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichomuumiza nyapara. Siku ya pili Moraa akapewa barua. Alikuja nayo jikoni ameishika mbali na mwili, kama mtu anayebeba panya aliyekufa. "Soma," akasema. Nilisoma. Alikuwa ametakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini asiadhibiwe kwa gross insubordination, yaani kumkaidi mkubwa wake. Nina aibu kusema lililonijia kwanza. Nilifurahi, kwa sababu neno hilo nilikuwa nalijua.

Sasa lazima nieleze desturi ya kambi ile. Barua kama hiyo ikikufikia, ulikwenda kwa mama mmoja wa mstari wa tano aliyekuwa na karatasi ya zamani ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliiita barua ya magoti. Hakuna aliyejua nani aliiandika kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza kibovu, imejaa makosa, na ilisema kwamba mimi mtumishi wenu nimepiga magoti mbele ya ofisi, shetani alinipitia, nina watoto, sitarudia. Ulikuwa unainakili, unabadilisha jina, unapeleka. Wakubwa waliijua kama wanavyojua mlango wa choo. Walikuwa wanasoma mstari wa kwanza, wanakupa onyo, unarudi kwenye chai. Miaka yote, kwa mlevi na kwa mchelewaji na kwa aliyepigana, barua ile ilikuwa haijashindwa.

"Nimetuma Kemunto akailete," Moraa alisema.

"Usiinakili hiyo," nikamwambia. "Ni aibu. Kosa ni la nyapara, na wewe ndiye unapiga magoti?"

"Magoti yangu yamezoea."

"Hiyo ni ya watu hawajui haki yao. Wacha nikuandikie ya maana. Wakisoma wataogopa."

Aligeuka, mwiko mkononi. "Wataogopa nini?"

"Kiingereza."

Akacheka, lakini niliona amekubali. Sote tulikuwa tunaamini jambo hilo, kwamba kuna Kiingereza kizito kiasi cha kumfanya mkubwa asimame. Tulikuwa tumeona kinavyotutisha sisi. Niliandika mchana wote wa Jumapili, mezani, wakati wengine wako kanisani. Niliweka notwithstanding, kwa sababu nilikuwa na neno hilo kwa miezi miwili na sikuwa nimepata pa kuliweka. Niliweka vindictive, kwamba nyapara ana kinyongo. Niliweka categorically na refute, kwamba Moraa anakana kabisa, na mwishoni nikaandika kwamba wachumaji hawatavumilia zaidi. Niliposoma kwa sauti, Moraa alifumba macho kama anasikiliza kwaya. "Hata sijaelewa kitu," alisema, "lakini ni kama mimi ni mtu mkubwa." Akaweka sahihi yake chini, herufi moja moja.

Aliitwa Ijumaa asubuhi. Mtu aliyeitwa aliruhusiwa kuja na mwenzake wa kumsaidia lugha, na bila shaka alinitaja mimi. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, dirisha liko wazi juu ya vichwa vyetu. Ndani meneja alikuwa anazungumza na arap Ng'eno, aliyekuwa ameitwa kuandika yatakayosemwa. Nilisikia kila kitu. Meneja alisema hii si barua ya mchumaji. Alisema kuna mtu nyuma yake, na hiyo habari ya kutovumilia ni tishio. Alisema akimpata aliyeiandika, atahakikisha hafanyi kazi tena katika shamba lolote la chai wilaya hii na ya jirani. Arap Ng'eno alijibu kwa kikohozi. Mwaka mzima nilikuwa nimetaka kuelewa Kiingereza cha watu wanaozungumza ndani ya nyumba wakidhani nje hakuna mtu, na sasa nilikielewa.

"Wanasema nini?" Moraa akaninong'oneza.

"Wanazungumza habari ya mvua," nikasema.

Chumba kilikuwa na zulia, na Moraa alivua ndara zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Kwenye meza kulikuwa na barua yangu, na juu yake kikombe cha chai chenye sahani. Nyapara alisimama pembeni, kofia mikononi. Meneja alinyanyua kikombe, akauliza kwa Kiingereza nani aliyeandika barua hii. Nilitafsiri, na sauti yangu ilitoka nyembamba. Moraa alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Aliona kitu usoni mwangu, na alikuwa mtu wa kuona haraka. "Mwambie ni mimi," akasema.

"She wrote it, sir," nikasema.

Meneja akaweka kidole kwenye karatasi. Basi anieleze, alisema, maana ya neno hili, notwithstanding. Nikatafsiri swali. Moraa alitazama mbele, kwenye picha ya kiwanda iliyotundikwa ukutani, akasema kwa Kiswahili kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chela, mimi sijui. Mwambie unavyojua wewe. Na uache kutetemeka, ataona." Arap Ng'eno aliyasikia. Nyapara aliyasikia. Katika chumba kile ni mtu mmoja tu ambaye hakuelewa, na ndiye aliyekuwa na uwezo wote. Nikageuka kwake nikampa maana ya neno, sawasawa kama ilivyo kwenye kamusi ya mzee, kana kwamba nimeitoa kinywani mwa Moraa. Nilimtazama nyapara nikingoja apige kelele. Hakusema kitu. Alitaka Moraa aende. Ni mkono upi ulioandika barua halikuwa jambo lake. Kalamu ya arap Ng'eno iliendelea kuandika.

Meneja aliuliza neno la pili. Moraa akasema, "Huyu anataka nini? Mwambie nina watoto wawili kwa hiyo nyumba." Nami nikampa meneja maana ya vindictive. Hapo ndipo nilipoliona shimo. Kila jibu sahihi nililotoa lilikuwa linamfanya Moraa awe mwandishi wa barua kweli. Ningetafsiri alivyosema, meneja angejua kwamba si yeye, na angetafuta mwingine, na mwingine alikuwa hatua mbili mbele yake. Nilijua hilo kwa uwazi kabisa, pale pale, nikiwa nimesimama kwenye zulia. Watu huniambia kwamba hofu humfanya mtu asifikiri. Mimi sijawahi kufikiri vizuri kama asubuhi ile.

Kisha meneja akanigeukia mimi. Aliuliza nimesoma mpaka wapi.

Mwaka mzima nilikuwa nimejibu swali hilo kwa uongo. "Class seven, sir," nikasema.

Kalamu ya arap Ng'eno ikasimama. Meneja akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya mpira, akaridhika. Kwa hiyo mimi narudia tu anayosema huyu mama? Ndiyo, bwana. Akaegemea kiti. Alisema mtu mwenye Kiingereza cha namna hii hawezi kuwa anachuma chai bila sababu, kwamba ameficha elimu yake, na mwaka huu anajua watu wanaoficha elimu yao wametumwa na nani. Atoke kambini kabla ya saa sita kesho. Kisha akaniambia nimtafsirie. Nilifungua mdomo, na katika maneno yote niliyokuwa nimeyakusanya, ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya Kipsigis, sikupata la kuanzia.

"Wacha tu," Moraa akasema, akiinama kuchukua ndara zake. "Kiingereza cha kufukuzwa nakijua."

Alasiri arap Ng'eno alinikuta nyuma ya banda la kupimia. Alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa shati, na bila miwani alionekana mzee sana. "Uliyekuwa unamdanganya ni mimi ama ni yeye?" Nikamwambia ni yeye, meneja. Nilikuwa bado naweza kudanganya. Alikubali kwa kichwa, na sijui kama aliniamini au alihitaji kuniamini, maana kamusi ilikuwa yake na yeye pia alikuwa na nyumba ya kambi. "Basi Jumatatu uje," akasema. "Nitakuonyesha vitabu vya ukarani." Sikumwona Jumatatu. Niliondoka Jumapili, nikaanzia Kiptere, na kutoka pale nimeendelea mpaka leo.

Lakini Jumamosi nilimsaidia Moraa kubeba vitu. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, wanasalimia kwa mikono bila kutoka nje. Tulibeba godoro kati yetu, yeye mbele mimi nyuma, Kemunto akiwa na sufuria kichwani na mdogo wake ameshika jiko la makaa kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imelowa kila upande, kijani mpaka macho yanauma. Tuliweka vitu kando ya barabara kungoja pickup iliyopeleka ndizi mjini na ilikuwa inarudi Kisii tupu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nimechagua nitakavyosimama. Yeye alikuwa anafunga kamba kwenye godoro.

"Lile neno la kwanza aliuliza," akasema. "Lile refu. Maana yake nini?"

"Notwithstanding?"

"Hilo."

"Ni 'licha ya,'" nikasema. "Ama 'hata kama.'"

Alisubiri, kana kwamba kulikuwa na maana nyingine niliyokuwa nimebaki nayo. "Hilo tu?"

"Hilo tu, Mama Kemunto."

Pickup ilifika, dereva akashuka kusaidia. Godoro liliingia, sufuria ikaingia, watoto wakapandishwa juu ya magunia matupu. Moraa alishika ubavu wa gari, akaweka mguu mmoja juu ya gurudumu, halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama alivyokuwa akiniuliza jioni zote jikoni, mtu anayetaka kujua kitu kwa mtu anayekijua.

"Na 'mimi ndiye niliandika,' kwa Kiingereza inasemwaje?"

Nilimwambia. Ni maneno matatu, yote ya darasa la pili.

Aliyarudia kwa sauti, polepole, bila kukosea hata moja. "Hayo hata mimi nayaweza," akasema, akapanda.